Hakujiunga, Aliungwa

Shangazi yangu wa Ngamiani, hapa Tanga, ana simu ya kitochi ambayo mfuniko wake wa nyuma umeshikizwa kwa mpira wa kufungia noti, na kwa karibu mwaka mzima amekuwa akiwasifia watu wa mtandao wake kwa adabu. Kila siku baada ya sala ya alfajiri, kabla majirani hawajafungua madirisha, simu hiyo hutoa mlio mmoja, na shangazi, ambaye miwani yake ilivunjika mkono tangu masika na hajaipeleka kwa fundi, huitazama, huona maandishi asiyoweza kuyasoma, hutabasamu na kuirudisha juu ya cherehani. "Kampuni hii ina malezi," aliwahi kuniambia. "Watoto wa kuwazaa hawanijulii hali kila siku, hawa wananisalimia."

Jumamosi iliyopita nilikwenda kumwamkia, na baada ya marahaba akaanza kulalamika kwamba vocha za siku hizi hazikai, kwamba anaweka ya mia tano asubuhi ili ampigie binti yake Muheza, na jioni anaambiwa salio halitoshi. Nilimwomba simu niitazame. Ujumbe wa juu kabisa, ile salamu ya alfajiri, ulisomeka hivi: "Mpendwa, nyota yako leo inaonyesha kuwa mpenzi wako anakuficha jambo. Mkaribie kwa tahadhari." Chini yake iliandikwa kwamba huduma hii ni shilingi 150 kwa siku. Shangazi yangu ni mjane wa mwaka wa kumi na nne. Chini ya ujumbe huo ulikuwepo wa jana, na wa juzi, na wa siku zote zilizotangulia hadi pale kumbukumbu ya simu ilipojaa, na kila mmoja ulikuwa na habari za huyo mpenzi pamoja na shilingi 150 zake.

Nilipomuuliza alijiunga lini na huduma hiyo, alinitazama kama niliyemuuliza alijiunga lini na jeshi.

Mwisho wa ujumbe kulikuwa na maelekezo: kujitoa, tuma neno ONDOA. Nikatuma. Simu ikajibu kwamba hakuna salio la kutosha kutuma ujumbe huo, maana yake ni kwamba waliokula fedha walikula pia nauli ya kuwakimbia. Nikatoka hadi kibandani, nikanunua vocha ya mia tano, nikaikwangua, nikaiingiza, na kabla sijamaliza kuandika neno lenyewe simu ikalia: 150 ya leo. Ikalia tena: 150 ya jana, ambayo kumbe haikukatwa kwa sababu salio lilikuwa sifuri, na deni nalo linafahamu njia. Zikabaki mia mbili. Nikatuma ONDOA. Jibu: "Samahani, neno ulilotuma si sahihi." Nikatuma kwa herufi ndogo, jibu likawa lilelile. Nikafikiri labda wanataka kujua ninaondoa nini, nikatuma ONDOA NYOTA, na hapo ndipo nilipopokea jibu ambalo sitalisahau: "Hongera! Umejiunga na huduma ya Nyota Maalumu kwa shilingi 100 tu kwa siku."

Hongera. Neno tunalompa mzazi, bwana harusi, na mtoto aliyefaulu mtihani. Katika mkoa alikozaliwa Shaaban Robert, pale Vibambani, mwaka 1909, nadhani tuna haki ya kukasirika mtu anapochukua neno hilo na kulifanya risiti ya wizi mdogomdogo. Na si hilo peke yake lililoharibiwa. Kiswahili hakina mzaha na kiambishi -ji-, kwani hulirudisha tendo kwa mtendaji: anayejipikia ameshika mwiko mwenyewe, anayejinyoa ameshika wembe mwenyewe, na anayejiunga anajua anaingia wapi, na nani, na kwa shilingi ngapi. Shangazi yangu hakujiunga. Aliungwa, kama behewa linavyoungwa pale stesheni bila kuulizwa treni inakwenda wapi. Kisha wanarudia uongo huohuo kwa upande wa pili na kusema "kujitoa", ilhali, kama nitakavyoeleza, hakuna namna ya kujitoa. Unasubiri kutolewa na mtu aliyekaa nyuma ya kompyuta, siku atakayopenda.

Aliungwaje, sasa? Wenye simu ndogo mnaujua ule ujumbe unaoruka wenyewe kwenye kioo, wenye SAWA upande mmoja na RUDI upande mwingine, unaotokea katikati ya kutafuta jina la mtu. Shangazi anachotaka ni kioo kiondoke apate kupiga simu, hivyo hubonyeza kitufe kilicho karibu na kidole gumba, na kitufe hicho, kwa bahati ambayo naona haikosei hata siku moja, huwa ni SAWA. Huo ndio mkataba wenyewe. Haukusomwa, haukuelezwa, na kwa mtu asiye na miwani haukuwa hata na maandishi.

Nawaomba mkumbuke zile foleni za mwisho wa 2019 na mwanzo wa 2020, wakati laini zilipokuwa zikisajiliwa kwa alama za vidole, hadi siku ya mwisho iliyoongezwa, tarehe 20 Januari 2020. Shangazi alikwenda mara tatu. Ana namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, na kadi yake anaitunza ndani ya msahafu, lakini vidole vyake vimesuka ukili kwa miaka arobaini na alama zake zimesagika, basi kila alipovibandika kwenye kile kifaa, kijana alimwambia, "Bibi, futa, weka tena," akafuta kwa ncha ya leso, akaweka tena, kidole gumba, cha shahada, cha kati, mkono wa kuume kisha wa kushoto, na kifaa kikakataa kwamba yeye ni yeye. Alirudi nyumbani mara mbili akiwa na hofu ya kufungiwa laini. Sikulalamika wakati ule na silalamiki leo, kwa sababu nilielezwa, nikaelewa, kwamba laini ya simu ni kitu kizito, kwamba fedha hupita humo, na kwamba lazima ijulikane bila shaka ni nani aliyekubali nini. Basi naomba niambiwe kanuni hiyo nzito ilikwenda wapi. Kidole kilekile ambacho mashine ya usajili ilikikataa mara mbili kwa kukosa alama, kilipogusa SAWA mara moja tu kilitambuliwa papo hapo, kikaaminiwa, kikafungiwa mkataba usio na mwisho wa shilingi 150 kwa siku, ambazo kwa mwaka ni shilingi 54,750, na tangu hapo hakuna aliyemwambia afute, aweke tena. Ukitaka kuwa na laini, unathibitishwa hadi kucha. Kampuni ikitaka fedha yako, kivuli cha kidole kinatosha. Ukitaka kuizuia isichukue, unarudi kuulizwa jina kamili, namba ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa na namba tatu ulizozipigia karibuni, kama mwizi aliyekamatwa na simu ya mtu.

Na nimeulizwa yote hayo, kwa sababu nilipiga huduma kwa wateja. Dakika ishirini na mbili za muziki, kisha dada mmoja mpole sana ambaye sina ugomvi naye. Aliajiriwa kupokea hasira za watu na anaifanya kazi hiyo vizuri. Alinieleza kwamba huduma ile si ya kwao, ni ya mtoa maudhui, yaani kampuni nyingine inayotuma ujumbe kupitia mtandao wao. Nikamuuliza makato yanapita kwa nani. Akasema kwao. Nikamuuliza kama wanaweza kukata fedha kwa niaba ya mtoa maudhui, kwa nini hawawezi kuacha kukata kwa niaba ya shangazi. Akaniambia nisubiri kidogo, muziki ukarudi, na simu ikakatika.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba si kila huduma ya aina hii ni dhuluma. Kuna mkulima wa machungwa anayepata bei za soko kwa ujumbe, na rafiki yangu wa Chumbageni anaulipia wimbo wa kaswida unaowapokea wanaompigia, na anaufurahia kuliko ninavyoufurahia mimi ninayempigia. Nakubali pia kwamba tunayo Mamlaka ya Mawasiliano tangu 2003, kwamba utaratibu wa malalamiko upo, unaanza na kampuni kisha unapanda kwa Mamlaka, na kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo ipo. Lakini utaratibu unaomtaka bibi wa Ngamiani aandike malalamiko rasmi kwa ajili ya shilingi 150 unajua vizuri kwamba hataandika. Shilingi 150 ilichaguliwa kwa sababu hiyo. Ingekuwa elfu kumi kwa mkupuo, pangekuwa na watu mlangoni mwao asubuhi hiyohiyo. Tapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" tumeelekezwa kumripoti kwa 15040. Huyu wa nyota ana namba fupi ya heshima na mgawo wa mapato.

Msiniambie haya ni mambo ya nchi maskini. Nchini Marekani, mwaka 2023, Tume ya Biashara ya Shirikisho iliishtaki Amazon kwamba imewafanya watu wajiunge na huduma yake ya Prime bila kujua na kisha kuwazungusha wanapotaka kutoka: kurasa nne, mibonyezo sita, machaguo kumi na matano. Tume ilieleza kwamba ndani ya kampuni njia hiyo ya kutokea iliitwa Iliad, jina la utenzi wa Wagiriki wa kale kuhusu vita virefu vya Troya, na mimi nawasifu angalau kwa uaminifu wa jina. Septemba 2025 kampuni ilikubali kumaliza kesi kwa dola bilioni 2.5, bila kukiri kosa, na bilioni 1.5 kati ya hizo zikiwa za kuwarudishia wateja. Tume hiyohiyo ilitangaza mwaka 2024 kanuni ya kutaka kutoka kuwe rahisi kama kuingia, na mahakama ya rufaa ikaitangua Julai 2025, siku chache kabla haijaanza kutumika kikamilifu, kwa dosari ya utaratibu. Wajerumani wao, tangu Julai 2022, wameweka katika sheria kwamba anayeuza huduma za namna hii kwenye tovuti aweke na kitufe cha kuvunja mkataba, kionekane. Kitufe tu. Haikuhitaji roketi.

Sisi tunayo tayari mfano wake mfukoni. Ukipiga *106# unaona laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kwa nini kusiwe na namba moja, ileile kwa mitandao yote, isiyohitaji salio, itakayoorodhesha kila kinachokula vocha yako, na mbele ya kila kimoja kuwe na tarakimu ya kukiondoa? Na kampuni ikishindwa kuonyesha kwamba mteja alikubali kwa kuandika mwenyewe, kwa herufi, kitu kinachoeleweka, irudishe fedha yote. Mzigo wa ushahidi abebe anayekata, asibebe anayekatwa.

Watu wa nje wanatutania kwa ule msemo wa mji wetu, waja leo waondoka leo, kwamba mgeni wa siku moja Tanga hujikuta anaulizia chumba cha kupanga. Sawa, tunakiri. Ila aliyebaki Tanga alibaki kwa upepo wa Raskazone na kwa mapishi ya watu, na stendi ya mabasi iko wazi kila alfajiri kwa anayetaka kwenda zake.

Jumatatu niliomba ruhusa kazini nikaenda na shangazi kwenye duka la kampuni, yeye akiwa na buibui lake la kutokea na kadi ya NIDA mkononi. Tulipewa namba 61, ikaitwa namba 38. Zamu yetu ilipofika, kijana wa kaunta alisikiliza, akaandika namba ya simu, akabonyeza vitufe vitatu au vinne na kusema, "Tayari, zote mbili zimeondoka." Nilitazama saa ya ukutani, haikufika dakika moja. Yaani ule mwaka mzima, zile dakika ishirini na mbili, ile samahani neno si sahihi, vyote vilisimama mbele ya kazi ya chini ya dakika moja ambayo mtu yeyote mwenye kompyuta ile angeweza kuifanya siku yoyote. Nikaomba fedha zirudishwe. Akasema haiwezekani, mfumo unaonyesha mteja alikubali. Nikamwomba anionyeshe huo mfumo. Akageuza kioo kidogo upande wangu: tarehe ya Ramadhani iliyopita, saa tatu usiku, na neno moja, SAWA. Nimeandika barua, nakala kwa Mamlaka, na nimepewa namba ya malalamiko yenye tarakimu kumi na mbili.

Shangazi hakusema kitu njia nzima ya kurudi. Jana nilipompitia aliniuliza mbona siku ya tatu leo kampuni haimsalimii, nikamweleza tena kwamba tuliwaambia waache kumsumbua. Akanyamaza kidogo, akaigeuza ile simu mkononi, kisha akaniuliza kama niliwaambia kwa adabu.