Chegar na llegar: je, kufika kulianza na kukunja tanga?

Mgalisia, mtu wa Galicia, kaskazini-magharibi mwa Hispania, hufika kwa "chegar", Mhispania wa Castilla kwa "llegar". Kwamba vitenzi hivi ni ndugu, watoto wa "plicare" ya Kilatini iliyomaanisha kukunja, si jambo la ubishi. "Pl" ya mwanzo iligeuka "ch" Galicia na "ll" Castilla, kama "pluvia", mvua, ilivyozaa "chuvia" na "lluvia". Kinachobishaniwa ni maana: kukunja kuligeukaje kufika?

Simulizi inayopendwa ni ya mabaharia. Chombo kikikaribia bandari tanga hukunjwa, basi aliyekunja amefika. Wanaoishikilia huleta na Kiromania, ambamo kitenzi hichohicho, "a pleca", ni kuondoka. Eti huko askari walikunja mahema wakati wa kung'oa kambi! Inavutia, na ndipo ninapoitilia shaka. Ukiweza kueleza kufika na kuondoka kwa kubadilisha tu kitu kinachokunjwa, hakuna ushahidi utakaokupinga. Isitoshe, Waromania hukitumia kitenzi hicho pia kwa kuinama, na anayeinamia njia hahitaji hema ili aondoke.

Upande wa pili yuko mwanaisimu Joan Corominas, anayepitia "applicare", yaani "plicare" iliyoongezewa kiambishi mwanzoni. Warumi walikitumia kwa kuelekeza merikebu pwani. Bahari ipo, ila tanga halitajwi. "Arriver" ya Kifaransa, nayo ni kufika, ilitokana na "ripa", ukingo wa maji. Tatizo ni "a" ya mwanzo ya "applicare": ilikwenda wapi? Kwanza, haikutoweka, kwani "achegar" na "allegar" zingali hai zikimaanisha kusogeza au kukusanya. Pili, yupo Egeria, mwanamke aliyehiji Nchi Takatifu mwishoni mwa karne ya 4, ambaye wengi huamini alitoka Gallaecia, kaskazini-magharibi mwa Hispania. Katika Kilatini chake "plicare", bila "a", tayari ni kusogelea mahali, naye akisimulia safari za nchi kavu. Kwangu, shahidi huyu ana uzito kuliko matanga yote.

Matumizi ya leo nayo yanaelemea huko. "Chega!" ya Kigalisia ni "yatosha!", na Mhispania ambaye mshahara haumfikishi mwisho wa mwezi husema "no llego a fin de mes". Yote ni kufikia mpaka. Wapenzi wa kukunja wabaki na Kikatalani, ambamo "plegar" ni kukunja na pia kumaliza kazi za siku.