Kwenye maji gani, ya ndoo?

Kikao cha kamati ya harusi Jumapili iliyopita pale Nkuhungu kilichelewa kuanza, kama kawaida. Mwenyekiti anasubiriwa, soda zinapata joto. Mpwa wangu, aliyemaliza kidato cha sita mwaka huu, akatoa simu akaanza kuwaonyesha watu video ya vile viboti vidogo vya mbio viitwavyo haidropleni, vinavyodunda juu ya maji kama kijiwe kilichorushwa na mtoto, dereva kapiga magoti ndani, nyuma mkia mweupe wa maji umesimama wima. Akasema kwa majivuno, "Mimi na mjomba tunatengeneza kama hiki." Bwana mmoja, mtumishi aliyehamia huku serikali ilipohamia, akavua miwani. "Hapa Dodoma? Kwenye maji gani, ya ndoo?"

Watu wakavunjika mbavu. Nikacheka na mimi, maana kwa mgao wa mtaani kwetu ndoo ndiyo habari ya mji. Lakini nilipofika nyumbani kicheko kilikuwa kimegeuka kiungulia. Bwana huyu kila Desemba anakwenda Iringa kwa wakwe. Anapita juu ya ukuta wa bwawa la Mtera, anasimama kununua perege wa kukaanga, anajifuta mikono, anaondoka. Sijui yale maji anadhani yamechorwa.

Basi nimweleze. Rekodi ya dunia ya kasi juu ya maji haikuwekwa baharini. Iliwekwa Oktoba 8, 1978 na Ken Warby wa Australia, kilomita 511 kwa saa, na hadi leo ninapoandika hajatokea wa kuivunja. Aliiweka wapi? Kwenye bwawa la Blowering, bwawa la kumwagilia mashamba na kufua umeme, mtambo wake megawati 80. Mtera yetu megawati ngapi? Themanini. Na boti yenyewe aliiunda uani kwake Sydney, kwa mbao na faibaglasi, injini ya ndege ameiokota kwenye mnada wa vifaa chakavu vya jeshi. Sisemi mpwa wangu atafika kilomita 511, mama yake atanitoa roho kabla ya 60. Nasema mbao tunazo, ua tunao, bwawa la umeme tunalo. Bwana wa miwani angekuwa jirani wa Warby, angemwuliza swali lile lile juu ya ukuta.

Wengine huniambia huu ni mchezo wa matajiri. Hao nawaacha. Wanatumia kwenye sare ya harusi moja fedha inayotosha nusu ya boti.

Kinachoniuma hasa ni hiki: kila anayetaka kuanza, swali lake la kwanza ni injini. "Niweke mashine ya nguvu farasi ngapi? Ya 40? Ya 60?" Hakuna anayeuliza boti ina kilo ngapi. Hakuna! Tuna ugonjwa wa kuamini kwamba kitu kikikataa kwenda, dawa yake ni nguvu zaidi. Gari likinasa tope, tunakanyaga moto mpaka linalala tumboni.

Ujinga huu mimi nimeulipia kwa fedha taslimu, kwa hiyo nina haki ya kufoka. Boti yangu ya kwanza niliipeleka kwa fundi mmoja Chang'ombe, mtu wa makabati na vitanda, mkono wake hauna mfano. Nikafungua ramani. Akaigeuza juu chini, akaigeuza tena. "Bosi, hii ni meza ya kahawa au ndege?" Nikamwambia ni boti. Akaniangalia kama daktari anavyomwangalia mgonjwa aliyekuja peke yake.

Kisha nikaenda duka la vifaa vya ujenzi kuuliza plaiwudi ya kuhimili maji. Muuzaji akasema ipo, inaitwa marini bodi. Marini! Neno lenyewe linanukia bahari. Nikalipia shiti tatu na teksi ya mzigo. Kumbe ile ni ya mafundi ujenzi, ya kumwagia zege, milimita 18, imevikwa karatasi nyeusi inayoteleza ambayo gundi haitaki hata kuisikia. Fundi alihangaika kuikwangua kwa msasa siku mbili, mwishoni akaishindilia misumari kama anajenga mlango wa banda la ng'ombe. Nani aliniambia zege na mbio vinaenda pamoja?

Boti ilipokwisha tuliipima kwenye mizani ya magunia ya alizeti kule Kizota. Kilo 97. Nilikuwa nimetengeneza gunia la mahindi lenye pua.

Tulifika nalo Mtera kwa fuso la rafiki. Kuna mzee mmoja mvuvi pale, mashine yake ni ya 15, imepakwa rangi mara nyingi kuliko nyumba yangu. Nikamwamkia, akaitika, akaizunguka boti kimya. "Kijana wangu, hii inavua au inavuliwa?" Akaniazima mashine hata hivyo. Nikapiga magoti, nikaongeza moto. Mkia ukazama, pua ikatazama mbinguni, na boti ikabaki hivyo, inalia, inatapika maji pembeni, haiendi kokote. Mtumbwi wa kasia ulinipita. Ndani yake mama amebeba kuku.

Wagogo wanasimulia kwamba jina la mji huu lilitokana na tembo aliyekwenda kunywa maji akadidimia kwenye tope: idodomya. Siku ile nilimwelewa yule tembo.

Kilichonitokea, nilikuja kukielewa baadaye, hutokea kwa kila boti ya aina hii, iwe ya mwanzilishi au ya bingwa. Ikianza kwenda inasukuma maji, na maji inayoyasukuma yanakuwa kilima mbele yake, nayo imekaa bondeni. Ili ianze kuruka lazima ipande kilima hicho na kukivuka. Ikishavuka, kazi inakuwa nyepesi ghafla. Kifua kinatoka majini, inagusa sehemu tatu tu: yale mapande mawili ya mbele, kulia na kushoto, ambayo fundi wangu anayaita mabega, na panga boi la mashine kule nyuma, nusu ndani ya maji nusu nje. Hewa inaingia kati ya mabega, inabanwa chini ya tumbo, inasaidia kubeba. Sasa fikiri, gunia la mahindi linapandaje kilima kwa mashine ya 15? Ukiweka ya 40, nayo ina kilo zake, inaning'inia mkiani, palepale pabaya kuliko pote. Umeongeza nguvu, umeongeza na mzigo, na umeongeza kasi ambayo mikono yako bado haijui kuishika.

Kama huniamini mimi, waamini Wamarekani, ambao wanashindanisha boti hizi mpaka za watoto. Madaraja yao mengi ya mbio yana kiwango cha chini cha uzito: mbio zikiisha, boti inapimwa pamoja na dereva wake, na aliyepungua anaondolewa. Dereva mwembamba anabeba vipande vya risasi, ile metali nzito, vya kumwongezea kilo. Mnaelewa maana yake? Wepesi una faida kubwa kiasi kwamba umewekewa sheria, kama wizi.

Boti ya pili tulitumia plaiwudi ya milimita 4, ya Mafinga, na mbavu za msonobari. Kwa wanaopenda hesabu: shiti ya milimita 18 inapita kilo 30, ya milimita 4 haifiki 10. Maungio yote ni gundi ya epoksi, ile ya kuchanganya makopo mawili. Misumari ilishika mbao gundi ikikauka, kisha tukaing'oa mmoja mmoja, mpwa wangu akiihesabu. Fundi hakuamini. Alikuwa anaibonyeza kwa kidole na kutikisa kichwa, "Bosi, hii itapasuka ukipiga chafya." Plaiwudi ile si ya majini, nakiri, na tumeipaka gundi ndani na nje mara tatu ili isinywe maji. Haitaishi miaka kumi. Sihitaji miaka kumi.

Kilo 36. Tuliibeba wawili, mimi na kijana, kutoka barabarani hadi ukingoni bila kutua.

Mashine ni ile ile ya mzee. Nikainama mbele mpaka kidevu karibu kigonge ubao, uzito wote puani. Kwanza sauti ikabadilika. Mashine iliacha kulia, ikaanza kuimba juu, na mtetemo magotini ukawa kama wa kuendesha baiskeli kwenye kokoto. Maji yakawa magumu. Sina neno jingine. Hapo unarudi nyuma kidogo, pua isije ikachimba. Sikupima kasi na sitadanganya. Nilipita mbele ya mzee akanyanyua kasia.

(Kilo zilizobaki za kupunguza ziko kwangu mwenyewe. Nina 84. Tangu siku hiyo bia ninazihesabu, na mke wangu anaisifia boti kuliko ninavyoisifia mimi.)

Haya, wapinzani. Mtera kuna mamba na viboko. Ndiyo, wapo. Kuna nyavu za watu, na wavu wa mtu ni ada ya shule ya mwanawe, kwa hiyo kupita juu yake na panga boi si michezo, ni wizi. Kuna visiki: maji yakijaa yanafika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, kiangazi kikikaza yanaweza kushuka hadi 690, na katikati ya hapo miti iliyozama inaanza kutoa vichwa. Ndiyo maana sehemu ya kukimbilia aliichagua mzee wala si mimi, na yeye anakaa pembeni na mtumbwi wake wa kasia muda wote. Asipokuwepo, tunakula perege tunarudi nyumbani. Kuhusu kibali, kiulize kabla hujanunua hata skrubu, na ujiandae kueleza mara saba kwamba huvui, husafirishi, na hubebi watalii.

Kuna na la upepo, ambalo linanilazimu kula maneno yangu kidogo. Boti nyepesi ikipigwa na upepo wa mbele, hewa ile ile inayoibeba inaweza kuipindua kinyumenyume. Hata bila upepo, kasi peke yake inatosha: Donald Campbell, Mwingereza aliyesaka rekodi hiyo hiyo ya majini, alikufa kwa kupinduka hivyo Januari 4, 1967 kwenye ziwa la Coniston Water, Uingereza, pua ikanyanyuka na boti ikapinda angani. Alikuwa anakimbilia karibu kilomita 480, mimi hata robo yake sifiki, lakini upepo wa Dodoma wa Julai mnaujua, unaondoka na bati. Tunakwenda alfajiri. Ukishaanza kuvuma tu, boti inapanda juu ya gari.

Na sasa sitanii. Nchi hii imezika watu wa MV Bukoba mwaka 1996, ikazika wa MV Nyerere mwaka 2018. Kuogopa maji tunajua, kuogelea hatujui, na mimi nimekulia Kongwa ambako maji marefu niliyoyajua ni ya lambo la mifugo. Nilijifunza nikiwa na miaka 38, naona aibu, watoto wa darasa la pili wananipita wakicheka. Nikaendelea. Jaketi okozi unavaa, helmeti unavaa, tena si ile ya bodaboda iliyoishia kunukia vichwa vya mji mzima. Lakini jaketi halimfundishi mtu aliyerushwa kifudifudi atulie.

Halafu kuna kamba ya kuzimia injini: upande mmoja kwenye swichi, mwingine kwenye mwili wa dereva. Ukirushwa, inachomoka na injini inakufa. Usipoifunga, boti isiyo na mtu inazunguka na kukurudia, na panga boi halina macho.

Kijana hajaendesha bado. Nimemwekea sharti moja, aogelee urefu wa bwawa la hoteli kwenda na kurudi bila kugusa ukingo. Amenuna wiki nzima, amemlalamikia mama yake, amenitumia video nyingine tatu. Jumamosi alifika nusu akashika ukingo, akadai maji yamemwingia puani. Boti iko juu ya banda la mbuzi, imefunikwa turubai. Kamba ya kuzimia injini ninatembea nayo mfukoni, na kikao kijacho cha kamati nitaiweka mezani, karibu na miwani ya yule bwana.