Mama amegeuzwa faili

"Mama, mbona umechelewa kumleta?"

Dada yangu aliulizwa hivyo na daktari hospitalini Alhamisi iliyopita, saa saba mchana, baada ya kutoka Mkuranga alfajiri na mtoto wa miaka mitatu mgongoni. Mimi nilishika mkoba wa makaratasi. Nikameza maneno, maana huyo huyo ndiye atakayemtibu mtoto.

Amemchelewesha wapi? Mtoto kazaliwa na mgongo wazi, kichwa kikafuata kujaa maji, akawekewa mpira wa kuyatoa maji kichwani. Jumatatu ni kliniki ya kichwa. Jumatano ya mkojo, maana kibofu hakijiendeshi, mama anautoa kwa mpira mara kadhaa kwa siku. Alhamisi miguu. Mazoezi ni jengo lingine. Macho yanasubiri barua ya rufaa iliyopotelea sijui dirisha gani. Kila mlango una faili lake, na kila faili linaanza upya: "Tatizo nini, mama?" Dada kisa amekikariri kama shairi la shule. Mwezi jana wa mkojo walianzisha dawa; wa kichwa hawakujua mpaka alipochomoa pakiti tupu mkobani. Yaani anayeziunganisha idara zote za mabingwa ni mwanamke wa darasa la saba mwenye mkoba wa makaratasi. Hongera zetu.

Msiniambie haiwezekani. Nenda CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU: kadi moja, namba moja, dawa na ushauri hapo hapo, na usipotokea unatafutwa. Mfumo huo tumeujenga nchi nzima. Na pale Mbale, Uganda, hospitali ya CURE ndiko daktari Benjamin Warf alikoendeleza upasuaji wa kuyafungulia maji njia ndani ya ubongo, ili watoto wengi wasiishi kwa kutegemea mpira unaoweza kuziba wakiwa kijijini, mbali na daktari. Mtu huyo alimfikiria mtoto akisharudi nyumbani. Sisi tunamfikiria akiwa dirishani kwetu tu.

(Suala la foliki, vitamini ya kumkinga mtoto na mgongo wazi, lina siku yake. Mgongo wa mtoto hufunga ndani ya wiki nne za mwanzo tangu mimba kutungwa, wanawake wengi hata hawajajua kama wana mimba, halafu tunawagawia vidonge wakija kliniki na tumbo la miezi mitano.)

Haya, mabingwa ni wachache na foleni inawaumiza nao. Nakubali. Ila kuziweka kliniki mbili siku moja hakuhitaji bingwa mwingine, kunahitaji karani na kalenda.

Tulipomaliza, dada akapewa tarehe za kurudi: mkojo Jumatano, miguu Alhamisi, wiki ile ile. Nikamwomba muuguzi wa mapokezi, kwa adabu zote, zote ziwe Alhamisi. Akazitazama kadi, akatabasamu.

"Haiwezekani kaka, kila kliniki ina daftari lake."

Madaftari yote mawili yalikuwa mbele yake, moja juu ya jingine.