Mapupu ya Mbwa Yapite Jikoni Kwanza

Jirani yangu ni mzee mstaafu wa jeshi, ana mbwa watatu na imani moja: mbwa asiyeonja damu hawi mkali. Kila Jumamosi anarudi kutoka bucha na ndoo ya mapupu, bandama na vipande vya maini, anaimwaga uani, vita inaanza. Miaka yote sikumbishia, kwa sababu na mimi Popi wangu nilikuwa namlisha hivyohivyo.

Kilichonigeuza ni mapupu ya shilingi 3,000. Kijana wa bucha alikuwa anayakata juu ya gogo, kisu kikazama mahali, maji yakaruka mpaka kifuani kwake. Maji meupe, safi, utadhani ya kisima. Ndani ya pupu kulikuwa na kifuko cheupe cha ukubwa wa yai la bata, laini kama ule utando wa ndani ya ganda. "Hii kawaida, mama," akasema. "Kwani si za mbwa?" Akakinyofoa, akakirusha nje. Mbwa koko wawili waliokuwa wamelala kivulini hawakungoja kukaribishwa.

Kile kifuko ni nyumba ya tegu. Tukisikia tegu wengi wetu tunawaza utepe mrefu wa mita kadhaa, lakini huyu ana urefu wa milimita 3 hadi 6 tu. Maelfu wanaweza kukaa ndani ya utumbo wa mbwa mmoja na mbwa mwenyewe asionyeshe chochote: anakula, ananenepa, manyoya yanang'aa. Mayai yanatoka na kinyesi, hayaonekani kwa macho. Mbuzi, kondoo au ng'ombe akiyala na majani, vifuko vinaota kwenye maini na mapafu yake, na mbwa akivila vibichi tegu wanaanza upya utumboni mwake. Mbwa naye akijilamba huku na kule anayasambaza kwenye manyoya, mtoto anamkumbatia, kisha anashika andazi. Kwa binadamu kifuko kinakua polepole kweli, miaka kadhaa, mpaka siku tumbo linapovimba na daktari anaona kwenye picha kitu cha ukubwa wa nazi.

Watu wa Turkana, Kenya, wamelipia somo hili. Mwaka 1983 shirika la afya la AMREF lilianza mradi wa kudhibiti ugonjwa huu kaskazini-magharibi mwa Turkana, eneo lililokuwa na wagonjwa wengi kuliko karibu popote duniani. Upande mmoja watu walikuwa wanapasuliwa, upande mwingine mbwa walikuwa wanapewa dawa ya tegu iitwayo prazikwanteli. New Zealand, nchi ya kondoo, nao waliteseka sana. Wao walianza kampeni yao kabla prazikwanteli haijagunduliwa, na moja ya silaha zao kubwa ilikuwa kukataza mbwa asipewe matumbo na viungo vya ndani vibichi. Mwaka 2002 wakatangaza, kwa tahadhari, kuwa wameutokomeza. Nikisoma habari hizo ndipo ninapoona uvivu wangu wa kuwasha jiko ni wa aibu.

Sasa nisieleweke vibaya. Sina ugomvi na nyama mbichi yenyewe, na kusema kweli nani mtaani kwetu anampa mbwa steki? Ugomvi wangu ni na mapupu na maini, vile vitu tunavyonunua kwa bei ya chini na kuvirusha bila hata kuvipasua. Kata vipande vidogo, maana pande kubwa linaiva juu na kubaki bichi katikati. Yakishatokota, yaache yachemke nusu saa. Kugandisha nako kunaua vifuko, nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 10, ila hilo ni la mwenye friza isiyozimika. Mimi yangu siiamini hata kwa samaki. Mifupa ndiyo pekee siichemshi: ukishapikwa, mfupa unavunjika kwa ncha kali na unaweza kumtoboa mbwa utumbo.

Baada ya miezi minne ya kuchemsha kwa bidii, asubuhi moja nikamwona Popi anajiburuza makalio kwenye sakafu ya baraza. Nikainua mkia. Punje nyeupe, kama za mchele, na moja ilikuwa inatembea. Niliumia! Nikaenda duka la dawa za mifugo kulalamika kana kwamba wao ndio waliomlisha. Yule daktari hakuuliza habari za nyama hata kidogo. Aliuliza, "Ana viroboto?" Kumbe tegu wa punje za mchele anatoka kwa kiroboto, mbwa anajikuna kwa meno, anammeza kiroboto, kazi imekwisha. Sufuria langu lilikuwa halihusiki. Ndivyo ilivyo pia kwa minyoo ya safura, ambayo inapenya hata ngozi ya miguu kutoka kwenye udongo mchafu, na ile minyoo ya mviringo ambayo watoto wa mbwa wanaipata tumboni mwa mama yao na kwenye maziwa. Ndiyo maana vitoto vinaanza dawa vikiwa na wiki mbili tu, hata kama havijawahi kunusa nyama.

Na dawa yenyewe tunaitumia ovyo. Mtu anampiga mbwa sindano ya ivermektini anajua amemaliza, wakati ivermektini haimgusi tegu. Prazikwanteli ndiyo yake, miligramu 5 kwa kila kilo ya mbwa. Mizani ya mbwa huna? Mbebe, panda naye kwenye mizani ya watu, kisha panda peke yako, utoe. Prazikwanteli inaua mnyoo lakini haiui mayai, kwa hiyo kinyesi cha siku mbili tatu baada ya dawa kifukie au kichome.

Mzee nilimpigia hesabu, maana wanajeshi wanaheshimu hesabu. Tegu wa mapupu akishamezwa anahitaji kama wiki sita kuanza kutoa mayai. Anayelisha mbichi, ili awe salama, ampe mbwa dawa kila wiki sita: mara nane na zaidi kwa mwaka, mara mbwa watatu. Mimi natoa kila miezi mitatu, na mkaa wa kuchemshia ni ule unaobaki baada ya maharage. Akanisikiliza, akasema, "Mwanangu, mbwa wa kuchemshiwa atakuwa kondoo."

Juzi usiku Popi, mla dona na mapupu ya kuchemsha, alimpandisha mtu juu ya ukuta wetu akamweka huko mpaka majirani walipoamka. Mzee alifika na tochi, akamwangalia mbwa, akamwangalia yule mtu.

"Unachemsha na chumvi," akaniuliza, "au bila?"