Mto wa London na Sanduku la Nyanya

Wiki iliyopita nililetewa mto wa kulazia karatasi. Nilikuwa kwenye chumba cha kusomea hati za kale pale SOAS, chuo kikuu cha London kinachosomesha lugha za Afrika na Asia, mikono nimenawa, kalamu ya wino nimeiacha nje kwa sababu ruhusa ni penseli tu. Kijana akaja na kasha, akaweka mto wa sponji mezani, akalaza juu yake Utendi wa Mwana Kupona, shairi refu la wasia wa mama kwa bintiye, nakala ya mkono wa Muhamadi Kijuma, mwandishi wa hati wa Lamu. Khati za Kiarabu, maneno Kiamu kitupu, Kiswahili cha Lamu. Nikaanza kuusoma polepole, na sijafika ubeti wa tatu nikajikuta naughani kwa sauti, maana utendi si wa kusomwa kwa macho. Kijana akanijia kwa adabu, akaniomba ninyamaze.

Nikanyamaza. Lakini moyo ulikuwa umeshafika nyumbani, kwenye sanduku la nyanya.

Nyanya alipofariki tulilikuta limejaa makaratasi, mchwa wameshakula pembe. Khati za Kiarabu, wino mweusi na mwekundu. Sote tumepita chuoni, chuo cha Kurani, tumekhitimu, na hakuna aliyekaa kitako akajaribu kusoma hata mstari mmoja. Tuliona herufi tukasema ni kurasa za msahafu zilizochakaa. Ami akazifunga kwenye shuka safi, tukapanda mashua, tukazitia baharini kwa heshima zote. Fundo nililishika mimi. Karatasi moja ilichomoza, naikumbuka hadi leo: kila mstari umegawanywa vipande vinne, na kati ya kipande na kipande kuna alama ndogo nyekundu. Siku ile haikuniambia kitu. Wiki iliyopita, juu ya ule mto, nikaiona sura ile ile. Msahafu hauandikwi hivyo. Utendi ndio huandikwa hivyo.

Najua mtakayosema. "Huyu kakaa Ulaya miaka miwili mitatu, sasa anatuona washamba." Hapana, jamani. Mikono iliyozitupa ni hii yangu. Wengine mtasema Wazungu walituibia. Wapo walioiba, sibishi. Lakini Kijuma, aliyefariki 1945, aliwaandikia mwenyewe wataalamu wa Kiswahili wa Ulaya: Alice Werner, Hichens, Dammann wa Ujerumani. Walitaka nakala, akawapa. Wao walijua wanachokitafuta, na sisi tulikuwa tumekilalia chini ya kitanda.

Na msiniambie kwetu hakuna pa kuzihifadhi. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina hati za namna hii tangu miaka ya 1960, zilizokusanywa huku huku pwani. Ni wangapi kati yetu tuliosoma fasihi ya Kiswahili miaka yote ile tumewahi kupelekwa kuziona? Tulikaririshwa beti za Mwana Kupona za kumtii mume, tukajibu mtihani, basi. Hakuna aliyetusimamisha kwenye zile beti za mwanzo, na mimi ndizo zinazonitoa machozi. Mwaka ni 1858. Mjane wa Bwana Mataka wa Siu, maradhi yamemkaa mwilini, anamwita bintiye Mwana Hashima asogee karibu, alete wino na karatasi. Anavitaja kama anayeagiza maji ya kunywa, kwa sababu vilikuwamo ndani ya nyumba! Na miaka 130 kabla yake, mwaka 1728, Bwana Mwengo wa Pate alikuwa ameshautunga Utendi wa Tambuka. Halafu mtu mzima ananiambia eti kuandika kumeletwa na wamishonari.

Kinachoniuma ni hicho. Watu wa kuandika tulikuwa nao, na mapenzi tunayo, maana hata kuzizamisha tulizizamisha kwa mapenzi. Watoto wetu wanazijua herufi zile tangu wana miaka mitano. Hakuna anayewaambia kwamba herufi hizo hizo ziliandika na Kiswahili.

Jana usiku nimempigia ami, nikamuuliza kama lile sanduku lilitolewa lote. Akafikiri kidogo, akasema vilibaki vitabu viwili vilivyofungwa kwa kitambaa, viko kwa shangazi, havijafunguliwa. Nikamsihi visiende baharini. Nikamwomba afungue kimoja tu, anisomee mstari wa kwanza kwenye simu. Amesema macho yake hayaoni tena, atamwita mjukuu akirudi chuoni.