Kutenganisha tutatenganisha, nailoni ataichukua nani?

Nimesoma makala ambayo mwandishi wake anatuhimiza tutenganishe taka nyumbani ili plastiki irejelezwe. Sawa, lakini plastiki ipi? Chupa za maji hazikai jalalani, waokota makopo wanazipitia alfajiri kwa sababu zinauzwa kwa kilo. Nailoni laini hawaigusi. Jaza kiroba kizima cha mifuko ya mkate na ya sukari, ukikiweka kwenye mizani hakina uzito wowote, na ndani mna mafuta, unga na mchanga. Kwenye kiwanda cha kurejeleza lazima nailoni hiyo ioshwe na kukaushwa kwanza, tena ni nyepesi, inajisokota kwenye mashine. Pakiti za krispi ndiyo kabisa, ile plastiki imepakwa alumini.

Rambo, ile mifuko ya plastiki ya kubebea, zilipigwa marufuku Tanzania Juni 2019, na vifungashio vyembamba vilivyogeuzwa mifuko ya kubebea vikafuatia 2021. Vizuri (japo sokoni bado nafungiwa nyanya humo humo, muuzaji anavitoa chini ya meza kama magendo). Ila pakiti za bidhaa za viwandani, kama za mkate na krispi, hazikuguswa. Mimi ningeanza na wenye viwanda hao: wanunue nailoni chafu kwa bei itakayomfanya mwokotaji ainame. Na gari la taka la mtaani kwetu linachanganya kila kitu, hata ukitenganisha.