Dagaa Daraja la A

Chanzo ni bando. Nilibakiwa na MB 40, na PostgreSQL 16, programu ya kutunza data, nililetewa kwenye flashi ikiwa bado msimbo mbichi, ukompaili mwenyewe, yaani uupike uwe programu. Ipo iliyokwisha kupikwa, unapakua na kula. Lakini sifa, jamani!

Nikapiga ./configure, amri ya kukagua kama kompyuta ina vinavyohitajika. Ikagoma: ICU, moja ya programu saidizi, haipo, kama huitaki, weka --without-icu. Nikaweka. Ikagoma tena: readline haipo, weka --without-readline. Nikaweka. Zlib nayo vivyo hivyo. Nikawa kama konda anayeshusha abiria ili gari lipande mlima: shuka wewe, na wewe shuka. Make, amri ya kupika yenyewe, ikapita, nikalala injinia.

Asubuhi nikaenda Mwaloni, Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza, kwa mama mmoja wa dagaa aliyetaka hesabu za magunia yake ziingie kwenye kompyuta. Nikaandika amri ndefu ya kujumlisha, nikakosea herufi moja, ikakataliwa. Si neno. Unabonyeza mshale wa juu, amri inarudi, unasahihisha.

Kumbe kuirudisha ndiyo kazi ya readline. Yule abiria niliyemshusha.

Nikabonyeza. Ikatoka ^[[A. Nikabonyeza tena, na tena: ^[[A^[[A^[[A.

Mama akavaa miwani. "Mwanangu, hizo A ni za nini?" Kabla sijafungua mdomo akamgeukia mteja waliyekuwa wanavutana bei. "Umeona? Hata kompyuta inasema daraja la A. Mara tatu!"

Mteja akasogea kutazama. Mimi, katika kuhangaika kufuta, nikagusa mshale wa chini. Ikatoka B.

"Mbona wameshuka?"

Nikajaribu wa kulia. C. Mteja akaanza kutabasamu. Wa kushoto... D.

"We mtoto," mama akasema taratibu, na utaratibu huo ndio ulionitia jasho, "hawa dagaa nimewaanika juu ya chanja kwa mikono yangu, mchanga hawaujui. Hiyo D ni yao au ni yako?"

"Ni yangu, mama."

"Basi warudishie A zao."

Nikaukandamiza mshale wa juu mpaka mstari ukajaa A tupu. Mteja akaguna, akahesabu noti, akabeba magunia matatu kwa bei ya mama.

Mauzo hayo tukayaandika kwenye daftari.